Safu ya lugha: Kushirikishwa

Nenda kwenye mkutano wa mtaa Mlandege, Manispaa ya Iringa, au mtaa wowote mjini, hukosi kulisikia: "Wananchi mmeshirikishwa." Tazama viambishi vyake. Kwenye kushiriki, mtenda ni mimi. Ongeza -ish-, anaingia mwingine wa kuniingiza. Ongeza -w-, nami nabaki mtendewa. Ndiyo maana mtu hushirikishwa bila kushiriki: kaketi kwenye benchi, kasaini mahudhurio, kasikia bajeti ikisomwa, kaenda zake. Mwaka 2021, machinga walipopangiwa maeneo mapya nchini, viongozi walisema wamewashirikisha. Wapo wachuuzi waliokana. Kisarufi, hakuna aliyekosea.

Katiba ina lugha nzito zaidi. Ibara ya 146 inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Nao mkutano mkuu wa mtaa ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mkazi akinyoosha mkono kuuliza mapato na matumizi, hoja yake ikaingia kwenye muhtasari na ikabadili uamuzi, huyo kashiriki. Wenyeviti wa mitaa, kwenye tangazo lijalo andikeni: njooni mshiriki.