Nambari Mgongoni: Nani Astahili Kustaafishiwa Jezi?

Miongoni mwa heshima ambazo watu wa michezo huwapa mashujaa wao, iko moja ambayo haijazoeleka sana kwetu Afrika ya Mashariki, nayo ni kuistaafisha jezi. Klabu huitwaa nambari iliyovaliwa na mchezaji fulani, ikaitundika juu ukumbini, na tangu siku hiyo hapana mwingine aruhusiwaye kuivaa. Kuamua nani astahili heshima hiyo kwaweza kuonekana jambo dogo. Lakini ndani yake mna swali zito: jamii huwakumbukaje waliolitumikia jina lake kwa jasho, na nani ashikaye ufunguo wa kumbukumbu hiyo?

Desturi hii haikuanzia katika mpira wa kikapu. Ilianzia Kanada, katika mpira wa magongo wa barafuni. Mwezi Desemba 1933 mchezaji wa Toronto Maple Leafs, Ace Bailey, aliumizwa vibaya kichwani, asiweze kucheza tena. Mwaka 1934 klabu yake ikaiondoa nambari 6 aliyokuwa akiivaa. Mwaka 1939 New York Yankees ya Marekani ikafanya vivyo hivyo kwa nambari 4 ya Lou Gehrig, aliyeachishwa mchezo na maradhi. Basi tangu mwanzo heshima hii ilichanganya mambo mawili: sifa kwa ustadi, na huzuni kwa mtu aliyekatizwa safari yake kabla ya wakati.

Mpira wa kikapu ulipoipokea desturi hii, uliipanua mno. Boston Celtics peke yake imekwisha kustaafisha nambari zaidi ya 20. Mwaka 2003 Miami Heat iliistaafisha nambari 23 ya Michael Jordan, ingawa hakuichezea klabu hiyo hata siku moja. Kwa upande mwingine, Bill Russell, aliyetwaa ubingwa mara 11 katika misimu 13, alipofariki mwaka 2022, ligi nzima iliamua kwamba nambari 6 isipewe tena mchezaji mpya katika klabu yoyote. Ukilinganisha mifano hiyo utaona kwamba heshima hupungua uzito kila inapotolewa pasipo kipimo.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa. Nambari yake, 55, ilistaafishwa na Atlanta Hawks mwaka 2015 na Denver Nuggets mwaka 2016. Alichaguliwa mlinzi bora wa mwaka mara nne, na mipira aliyoizuia ilifika 3,289. Hata hivyo watu wa Kinshasa hawamkumbuki kwa nambari iliyotundikwa ng'ambo tu. Hospitali aliyoijenga kwa jina la mama yake, iliyofunguliwa mwaka 2007, ingali ikiwatibu wagonjwa baada ya yeye mwenyewe kufariki mwaka 2024.

Tukirudi Kampala, twakuta kwamba kwa miaka mingi timu ya taifa ya mpira wa kikapu isingaliweza kustaafisha nambari hata kama ingalipenda. Kanuni za kimataifa ziliruhusu nambari 4 hadi 15 tu, yaani nambari 12 kwa wachezaji 12. Kuiondoa moja kungemwacha mchezaji mmoja bila jezi. Mlango ulifunguliwa na kanuni za mwaka 2014. Mwaka uliofuata Uganda ikashiriki mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza, na mwaka 2021 mjini Kigali ikafika robo fainali. Kwa hiyo swali letu limekuja wakati unaofaa, maana sasa wapo wachezaji ambao historia itawadai.

Kabla ya kuwahukumu hao, yafaa tutazame jinsi mji wa Kampala ulivyowakumbuka waliotangulia. John Akii-Bua alishinda mbio za mita 400 za kuruka viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia, akaipatia Uganda nishani yake ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki. Mkimbiaji hana nambari ya kudumu, basi barabara moja ya Nakasero ikapewa jina lake. Phillip Omondi wa klabu ya KCC alifunga mabao matatu mwaka 1978 nchini Ghana, Uganda ilipofika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika. Alifariki mwaka 1999, na uwanja wa klabu yake huko Lugogo ukaitwa kwa jina lake. Baadaye jina la kampuni likalifunika lake. Kisha lake likarudi, lakini limefungamanishwa na la kampuni nyingine. Hapo twapata fundisho: kumbukumbu isiyo na mlinzi huweza kuuzwa sokoni.

Mila za Buganda nazo zina neno la kutufunza. Mtu akifa, ukoo humsimika mrithi, naye hukaa katika nafasi ya marehemu ili nyumba isifungwe. Majina ya ukoo nayo hupewa watoto wanaozaliwa, wala hayazikwi na wenyewe. Kwa fikira hiyo, kumheshimu mtu ni kumpata astahiliye kuibeba nafasi yake. Na ajabu ni kwamba Ace Bailey mwenyewe alifika huko huko: mwaka 1968 aliomba nambari 6 itolewe tena apewe Ron Ellis, kijana ambaye mchezo wake ulimpendeza.

Kwa maoni yetu, basi, anayestahili apimwe kwa mambo manne. Kwanza, awe ameitumikia klabu hiyo hasa kwa miaka, si kupita tu. Pili, awe ameufanya mchezo wenyewe kuwa mwingine kuliko alivyoukuta. Tatu, mwenendo wake uwe wa kuigwa hata nje ya uwanja. Nne, uamuzi ungoje miaka kadhaa baada ya kustaafu kwake, shangwe zipoe na wivu ufe. Akishinda vipimo vyote, nambari na itundikwe. Lakini mwenyewe, au jamaa zake, wapewe haki ya kumrithisha mwingine.

Walimu tunayo sehemu yetu. Waliomwona Omondi mwaka 1978 wakiwa na miaka 20 sasa wamevuka 65. Wanafunzi wetu na watumwe kwao na madaftari, waandike kwa Kiswahili fasaha ni nani alicheza, wapi, na alifanya nini. Pasipo maandishi hayo, nambari iliyotundikwa ukutani itakuwa tarakimu tupu, na mtoto atakayeuliza ilikuwa ya nani hatapata wa kumjibu.