Mibuni, Ardhi na Riwaya ya Kijiji: Mfano wa Hasamba

Katika uhakiki wetu wa riwaya za vijijini kuna desturi moja ambayo mimi naiona ina kasoro. Kijiji huchukuliwa kama mahali palipokaa kimya tangu enzi na enzi, mpaka siku moja lori la serikali likaja na kuwahamisha watu. Hapo ndipo historia inaanza! Makala haya yanapinga mtazamo huo kwa kutumia mfano wa Hasamba, wilayani Mbozi, katika nchi ya Wanyiha ninakotoka.

Nianze na riwaya yenyewe. Katika Gamba la Nyoka (1979), Euphrase Kezilahabi anaonyesha wanakijiji wanaokataa kuhama na nguvu zinazotumika dhidi yao. Ni kazi nzito, na ina ukweli wake: mwaka 1973 Mwalimu Nyerere aliagiza kwamba hadi kufikia mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vilivyopangwa. Tatizo langu liko kwetu sisi wasomaji. Tunaisoma riwaya hiyo kana kwamba ndiyo historia ya kila kijiji cha Tanzania.

Sasa tuitazame Mbozi. Zamani Mnyiha alifyeka miti, akaichoma, akapanda ulezi kwenye majivu. Baada ya misimu michache ardhi ilichoka, akahamia kwingine. Shamba lilikuwa la mtu kwa muda alioulima tu. Wanyiha walikuwa pia wafua chuma wenye sifa. Baadaye, enzi za ukoloni, vijana wa nyanda hizi walikwenda kutafuta fedha kwenye dhahabu ya Lupa na kwenye migodi ya shaba huko Zambia ya leo. Je, hapo kuna kijiji kilicholala?

Badiliko kubwa zaidi lilikuja bila lori. Lilikuja na mbuni, yaani mti wa kahawa. Walowezi wa Kizungu walikuwa na mashamba ya kahawa Mbozi kabla ya Vita Kuu ya Pili. Baada ya vita, hasa miaka ya 1950, wakulima wa kawaida nao wakaishika. Mbuni unahitaji kama miaka mitatu ndipo uzae, kisha unadumu miongo kadhaa. Basi, mtu aliyepanda mibuni hawezi kuhamahama. Ardhi iliyokuwa ya kupita ikawa ya kukaa. Ya kukaa ikawa ya kurithisha. Na ya kurithisha ikapewa watoto wa kiume. Ndivyo mti mmoja ulivyogeuza ukoo, ndoa na mirathi, na wala hakuna aliyesoma tangazo la kugeuza mambo hayo.

Ndiyo maana nasema lori la Operesheni Vijiji halikukuta uwanja mtupu. Lilikuta watu ambao tayari walikuwa na cha kupoteza. Mkulima wa mahindi akihamishwa, msimu ujao anaweza kupanda tena. Mkulima wa kahawa akihamishwa mbali, mibuni haimfuati.

Miaka iliyofuata ilizidi kumyumbisha. Reli ya TAZARA, iliyopita Vwawa na Tunduma, ilikamilika katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vikavunjwa, kahawa ikanunuliwa na mamlaka ya serikali. Kwa sheria ya 1982 ushirika ukarudi. Julai 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa unalinda bei ya kahawa ukasambaratika, na bei ikaporomoka. Katikati ya miaka ya 1990 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa, na mwaka 2018 serikali ikaagiza kahawa iuzwe tena kupitia ushirika. Uamuzi wa watu walioketi London ulifika mpaka kwenye ada ya mtoto wa Hasamba. Hili nalo si jambo la riwaya?

Lakini jamani, swali zito liko ndani ya nyumba. Huku kwetu wanaochuma kahawa kwa wingi ni akina mama na watoto. Jina kwenye daftari la chama, mara nyingi, ni la baba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume. Hata hivyo, wazee wakikaa kugawa shamba la marehemu, binti bado huambiwa, "Wewe utaolewa, utakuta shamba huko." Ninazo dada, kwa hiyo jambo hili silisemi kwa nadharia tupu.

Kuna watakaonijibu kwamba mwandishi hana wajibu wa kuandika taarifa ya kilimo. Ni kweli kabisa. Ila mhakiki ana wajibu wa kuuliza. Tukishika riwaya ya kijiji, pamoja na kuhesabu wahusika na kutaja dhamira, tuulize: shamba ni la nani? Nani anachuma? Nani anapokea fedha? Nani atarithi? Riwaya inayonyamaza juu ya maswali hayo inaweza bado kuwa nzuri, lakini ukimya wake nao uhakikiwe. Na kama miongoni mwetu yupo mwenye mkono wa kuandika, basi riwaya ya binti wa shamba la kahawa bado inamsubiri.