Kifua Kilivyotazamwa Bila Kisu

Mgonjwa analetwa hospitalini usiku, amechukuliwa kwa machela. Ana homa kali, anahema upesi, na kila akikohoa ubavu wamchoma. Je, ni nimonia, ambayo wengine huiita kichomi? Au ni moyo uliochoka, nao umeyajaza mapafu maji? Kwa nje magonjwa haya mawili yaweza kufanana sana, lakini dawa zake ni mbalimbali, na mganga hana siku tatu za kungoja. Tuangalie basi jinsi watu walivyojifunza kutazama ndani ya kifua bila kukipasua.

Kwanza tujue jambo moja. Mapafu yenye afya yamejaa hewa. Katika nimonia, vijumba vidogo vya hewa vyajaa maji na usaha. Mambo yote tutakayosimulia yatoka katika tofauti hiyo: hapa pana hewa, pale hapana.

Mwaka 1761 Leopold Auenbrugger, mganga wa Vienna katika nchi ya Austria, alitoa kitabu kidogo. Alieleza kwamba kifua kikigongwa kwa ncha za vidole, penye hewa hulia kama ngoma, na penye maji hutoa sauti nzito, kama mtu anayegonga paja lake. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na husimuliwa kwamba mtoto alijifunza hayo kwa kuona mapipa ya divai yakigongwa. Waganga wengi hawakumjali. Mwaka 1808 Corvisart, mganga wa Napoleon, alikitafsiri kitabu hicho kwa Kifaransa. Auenbrugger akafa mwaka uliofuata.

Mwaka 1816, huko Paris, Laennec alimpima msichana mwenye ugonjwa wa moyo. Heshima ilimzuia asiweke sikio lake kifuani pa msichana. Akakunja karatasi ikawa kama bomba, akasikiliza, na kumbe alisikia vizuri kuliko zamani! Baadaye alitengeneza bomba la mti. Mgonjwa alipokufa, Laennec aliyachunguza mapafu yake na kuyalinganisha na sauti alizokuwa amezisikia. Hivyo alijua nimonia inavyosikika tangu kuanza kwake. Yeye mwenyewe alikufa mwaka 1826 kwa kifua kikuu.

Sikio lilikuwa limesaidiwa; jicho lilikuwa bado. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg huko Ujerumani, Wilhelm Röntgen aliona miali ipitayo ndani ya vitu ambavyo nuru haipiti. Kwa kuwa hakuijua asili yake, aliiita X. Mwezi wa Desemba alipiga picha ya mkono wa mkewe, mifupa ikaonekana pamoja na pete. Alikataa kujipatia hati ya kuuza uvumbuzi huo peke yake, na mwaka 1896 waganga wa nchi nyingi walikuwa wameanza kuutumia. Katika picha hiyo, ambayo wengi wetu huiita radio, mapafu yenye hewa huonekana meusi, na pale palipojaa maji na usaha huonekana wingu jeupe.

Je, mambo yakaisha hapo? Hapana. Mgonjwa mahututi hawezi kusimama wala kuzuia pumzi, na picha yake hutoka vibaya. Pengine ugonjwa ni mchanga na wingu halijatokea bado. Pengine wingu lipo, lakini ni maji yaletwayo na moyo. Waganga wa Ufaransa waliwapima watu 319 waliofika hospitalini kwa haraka wakidhaniwa kuwa na nimonia. Baada ya radio waliwapitisha katika skana, mashine ipigayo picha za kifua kipande kwa kipande. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Kati ya wale ambao radio haikuonyesha kitu, theluthi moja hivi walionekana kuwa na alama za ugonjwa mapafuni. Na kati ya 188 walioonekana na wingu, 56 hawakuwa na nimonia! Lakini skana ni ya gharama, na miali yake ni mingi kuliko ya radio.

Njia nyingine ni ekografi, ile mashine ya sauti ambayo akina mama wenye mimba waijua. Hewa huzuia sauti hiyo, kwa hiyo zamani waganga walifikiri haifai kwa mapafu. Daniel Lichtenstein, mganga Mfaransa, alionyesha kinyume: pafu lililojaa maji huacha sauti ipite, na ugonjwa huonekana. Mwaka 2008 yeye na mwenzake Mezière walieleza habari za wagonjwa 260 walioshindwa kupumua. Ekografi ilitambua sawasawa ugonjwa wa tisa hivi katika kila kumi. Mashine hiyo hupelekwa hata kando ya kitanda.

Twaona, ndugu wasomaji, kwamba picha ni shahidi mwema, lakini hukumu yataka mashahidi wengi: kidole, sikio, picha, na maneno ya mgonjwa mwenyewe. Na mahali pasipo na mashine, jicho la mzazi lafaa sana. Mtoto mwenye kikohozi akiwa ametulia, tumhesabie pumzi kwa dakika nzima. Akiwa na miezi 2 mpaka 11, pumzi 50 au zaidi ni hatari. Tangu mwaka 1 mpaka kutimiza miaka 5, ni 40 au zaidi. Tusingoje kesho, tumpeleke kwa mganga siku ile ile.