Maua ya Njano ya Mpakani

Ukitoka Kisumu kwenda Busia, kuanzia Maseno utayaona maua ya njano yamejipanga kando ya barabara na kuzunguka mashamba. Wageni huyaita alizeti. Lakini alizeti hupandwa kwa mbegu, huvunwa, kisha hufa. Mmea huu huishi miaka mingi, hupita kimo cha mtu na kutoa matawi tele. Tazama jani: limegawanyika sehemu tatu au tano. Shika kikonyo chini ya ua: kimevimba, ndani kina uwazi. Onja jani, utatema. Wajaluo huyaita maua makech, nasi Waluhya amalulu. Wanasayansi huuita Tithonia diversifolia.

Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati. Uliletwa Afrika kuwa pambo la bustani, ukatoroka. Kwetu Vihiga ulipata kazi. Mashamba yaliposajiliwa baada ya Uhuru, mengi hayakuwekewa vigingi vya saruji. Ua wa mimea ndio uliokuwa mpaka. Kipande cha shina kikichomekwa ardhini wakati wa mvua huchipua, kwa hiyo hata asiye na senti aliweza kuzungushia shamba lake ua. Nyanya yangu aliupanda kati yetu na jirani. Tulipoumwa tumbo, alichuma majani ya ua huo, akayachemsha, tukanywa huku tumekunja nyuso.

Miaka ya 1990 watafiti wa kituo cha kimataifa cha kilimo-mseto (ICRAF), wakishirikiana na wenzao wa taasisi za Kenya za utafiti wa kilimo (KARI) na wa misitu (KEFRI), walianza kuupima mmea huu huko Maseno. Udongo wetu ulikuwa umechoka, hasa kwa kukosa fosforasi, na mbolea ya dukani ilikuwa ghali. Wakakuta kwamba kilo 100 za majani makavu zina takriban kilo 3.5 za nitrojeni, kilo 4 za potasiamu na gramu 370 za fosforasi. Tena majani mabichi yakifukiwa huoza upesi, na mazao huanza kufaidika msimu uleule.

Kazi yenyewe ni ya panga na mgongo. Mama hukata matawi mororo kabla hayajakomaa na kuwa magumu kama mti, huyakatakata, huyatandaza kwenye matuta na kuyafukia kwa jembe. Kwa shamba zima la mahindi, mzigo huo humshinda mtu mmoja. Kwa sukumawiki na nyanya za kuuza, jasho hulipwa.

Pia nawaambia ukweli wa upande wa pili: mmea huu ukiachwa, huvamia malisho na kusonga mimea ya asili. Basi usiupande mahali ambapo haujafika. Lakini ikiwa tayari umesimama mpakani mwako, usiuchome moto wala kuutupa barabarani. Ukate kabla haujatoa mbegu, ufukie majani na matawi yake mororo kwenye bustani yako ya mboga.