Mwinyi Amani, mlinzi wa kambi ya Kibo

Muulize mtu wa Moshi nani alitangulia kufika kilele cha Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, atakutajia Hans Meyer. Ukiwa Marangu, ataongeza Mzee Yohani Kinyala Lauwo. Jina la Mwinyi Amani halitajwi, na haishangazi: mtu huyo wa Pangani hakufika kileleni wala hakudai kufika. Mwaka 1889 kazi yake ilikuwa kukaa kambini.

Meyer, Mjerumani wa Leipzig, alikuwa ameshaujaribu mlima mwaka 1887 akashindwa na barafu. Mwaka uliofuata hata mlima hakuufikia. Vita vya Abushiri dhidi ya Wajerumani viliwaka pwani, akakamatwa pamoja na mwenzake Oscar Baumann, wakafungwa minyororo mpaka walipokombolewa kwa fedha. Mara ya tatu, mwaka 1889, alikuja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria, na mpango wa chakula. Kwa maoni yangu, huo mpango ndio uliopanda mlima.

Waliotangulia walikuwa wakitoka vijijini, wakipanda hadi baridi na njaa ziwageuze. Meyer alipata makao Marangu kwa Mangi Marealle, akaweka kambi moja pale msitu unapoishia na nyingine juu zaidi, kwenye mita 4,330 hivi, chini ya Kibo. Kila baada ya siku chache wapagazi walipandisha chakula, wakateremka. Mwinyi Amani hakuteremka. Alibaki na Wazungu wawili na hema dogo, akitafuta kuni mahali ambapo miti imekwisha, akipika, akilinda vitu wakati wenzake wako kwenye barafu. Na huyu ni mtu aliyetoka kwenye minazi na joto la bahari.

Faida ya kambi hiyo ilionekana Oktoba 3. Wapandaji walifika ukingo wa kreta, kumbe kilele chenyewe kiko mbele zaidi na nguvu zimewaishia. Bila kambi, safari ingeishia hapo. Wakarudi, wakala, wakapumzika, na Oktoba 6 wakasimama juu kabisa, mahali wanapopaita Uhuru leo. Meyer alipaita kwa jina la Kaisari wake.

Je, Mzee Lauwo? Marangu wanashikilia kwamba yeye ndiye aliyewaongoza, na katika maadhimisho ya miaka mia, 1989, alitunukiwa nyumba. Alifariki 1996. Kama alikuwa kijana wa miaka 18 wakati wa Meyer, basi aliishi miaka 125, na hapo ndipo wanahistoria wanapogawanyika. Sitauingilia ugomvi huo. Nasikitika tu kwamba umemeza nafasi yote ya wengine.

Baada ya kambi za muda zikaja nyumba. Wajerumani waliziita Bismarck na Peters, huyo Peters akiwa ni yule yule Karl Peters, Mkono wa Damu, aliyenyonga watu hapa hapa Kilimanjaro. Leo zinaitwa Mandara na Horombo, majina ya mamangi wa Kichaga. Ya tatu, Kibo, ilijengwa mwaka 1932 kwenye mita 4,700 na ushei. Haina maji. Yanachotwa kwenye chanzo cha mwisho juu ya Horombo, yakapandishwa kwa madumu kuvuka jangwa la Tandiko, kati ya vilele vya Mawenzi na Kibo. Kila kikombe cha chai unachokunywa Kibo kimepita kichwani au begani kwa mtu.

Njia ya Marangu ndiyo pekee yenye vitanda. Wanaopitia njia za Machame au Lemosho hulala kwenye mahema mpaka kambi ya Barafu, hivyo jiko, meza, viti, hata choo, vyote hubebwa. Langoni mizigo hupimwa, na mpagazi haruhusiwi kubeba zaidi ya kilo 20. Wenyewe hujiita wagumu.

Usiku wa kuelekea kileleni, mgeni huamshwa kabla ya saa sita, akaondoka na kiongozi wake. KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, humpa cheti akifika Gillman's au Stella kwenye ukingo wa kreta, au Uhuru. Mpishi hubaki kambini kuandaa supu. Wageni wakirudi watakunywa, watajinyoosha saa moja au mbili, kisha mizigo ifungwe, maana jioni hiyo hiyo lazima kila mtu awe ameshuka.