Miaka 6,000 na jiwe la Lukwengule

Mwaka 1906, Willy Marckwald, mkemia wa Berlin, alichapisha maelezo ya jiwe zito jeusi lililotoka kwenye machimbo ya ulanga katika Milima ya Uluguru, mahali ambapo Wajerumani walipaandika Lukwengule. Lilikuwa jiwe la urani. Baadhi ya vipande, hata hivyo, vilikuwa vimeliwa na maji na hewa kwa muda mrefu hata weusi wake ukageuka njano ya udongo, huku umbo la fuwele likibaki lilelile, na kingo na pembe zake zote. Marckwald aliipima ile njano akaona ni madini ambayo hayajaandikwa popote. Akayaita rutherfordini, kwa heshima ya Ernest Rutherford, mwanafizikia mzaliwa wa New Zealand ambaye wakati huo alikuwa akifundisha Montreal, Kanada.

Hadi leo orodha za madini za dunia zinaitaja Morogoro kuwa nyumbani kwa rutherfordini. Mji huu hujisifu kwa mwanamuziki Mbaraka Mwinshehe, kwa mboga na matunda ya Mgeta na kwa jina lake la utani, mji kasoro bahari. Kwa jiwe hili sijausikia ukijisifu. Ni hasara, maana mawe ya urani ya Uluguru yaliingia katika mojawapo ya hoja kubwa za karne ya 20: dunia ina umri gani, na je, jibu la maabara linapatana na sura ya kwanza ya Kitabu cha Mwanzo?

Rutherford alistahili kupewa jina hilo. Mwaka 1904 alitoa mhadhara London, na kati ya waliokaa kumsikiliza alikuwamo Lord Kelvin, mzee aliyekuwa bingwa wa fizikia wa Uingereza na Mkristo wa dhati. Kelvin alikuwa amekokotoa kwamba dunia, kama ilianza ikiwa moto, imekuwa ikipoa kwa miaka kati ya milioni 20 na 40 tu. Rutherford akaeleza kwamba madini yenye mionzi hutoa joto ambalo mzee hakulijua alipopiga hesabu zake. Zaidi ya hayo, urani huoza kwa kasi isiyobadilika, na mwisho wa kuoza kwake ni risasi. Mwaka 1907 Mmarekani Bertram Boltwood alilinganisha urani na risasi iliyomo ndani ya mawe mbalimbali, akapata umri unaoanzia mamia ya mamilioni ya miaka na kuvuka bilioni mbili.

Mwaka huohuo reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro. Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, walioanzia Zanzibar mwaka 1863 na Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa wameshatangulia: misheni ya Morogoro ilianza miaka ya 1880, na Matombo ikafuata kabla karne haijageuka. Mluguru aliyekaa darasa la katekisimu alifundishwa kwamba Mungu aliumba mbingu na nchi kwa siku sita, ya saba akapumzika. Muumba hakuwa mgeni kwake. Waluguru walimjua Mulungu kabla padri wa kwanza hajapanda mlima. Kilichokuwa kigeni ni kalenda.

Na kalenda hiyo haimo katika Mwanzo. Hakuna mstari wa Biblia unaotaja umri wa dunia. Ile miaka 6,000 ambayo wahubiri wengi huitaja kana kwamba imeandikwa ni matokeo ya kujumlisha: Adamu alimzaa Sethi akiwa na miaka kadhaa, Sethi akamzaa Enoshi, na kuendelea hadi Ibrahimu na wafalme. Aliyeifanya hesabu hiyo maarufu ni James Ussher, Askofu Mkuu wa Armagh huko Ireland, ambaye mwaka 1650 alichapisha kwamba uumbaji ulianza Oktoba 23, mwaka 4004 KK. Ussher hakuwa mjinga. Alizijua lugha za kale, akalinganisha Biblia na kumbukumbu za Babeli na Roma kwa uangalifu ambao wengi wanaomcheka leo hawana. Bahati mbaya ni kwamba kuanzia mwaka 1701 wachapaji wa Biblia za Kiingereza waliiweka tarehe yake pembeni mwa ukurasa, na wasomaji wakaichukua kuwa sehemu ya andiko.

Wayahudi, kwa kujumlisha vizazi hivyohivyo, wanaanza na mwaka 3761 KK. Roma ilikuwa na yake: kitabu cha Kilatini cha Martirolojia, kilichosomwa katika nyumba za watawa mkesha wa Krismasi, kilitangaza kwamba Kristo alizaliwa mwaka wa 5199 tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Sababu mojawapo kubwa ya tofauti hizo ni kwamba maandiko ya Kiebrania na ya Kigiriki hayataji umri uleule wa wazee wa kale. Waumini watatu wakipishana kwa zaidi ya miaka elfu moja kabla mwanasayansi hajafungua mdomo, ugomvi hauwezi kuwa wa Biblia na maabara peke yake.

Hapo ndipo mzee wa Uluguru angeweza kumsaidia askofu. Kinole, upande wa mashariki wa milima, jina la Kingalu hurithiwa. Anayeshika nafasi ndiye Kingalu, na mambo ya waliomtangulia huweza kusimuliwa chini ya jina hilohilo moja. Nasaba ya namna hiyo inaonyesha nani ana haki na ardhi imetoka kwa nani. Haikutungwa kwa ajili ya kuhesabu miaka. Injili ya Mathayo nayo hufanya hivyo: inasema Yoramu alimzaa Uzia, ilhali Vitabu vya Wafalme vinaonyesha kati yao walitawala Ahazia, Yoashi na Amazia. Mwaka 1890 William Henry Green, mwalimu wa Agano la Kale huko Princeton, mtu asiye na chembe ya uasi wa kidini, aliandika kwamba orodha za vizazi katika Mwanzo zimeacha watu na hazifai kupigia hesabu ya umri wa dunia.

Turudi kwenye jiwe. Hesabu ya urani na risasi ina mlango mmoja wa kuishambulia. Ukikuta gunia la mahindi limetoboka, na unajua punje ngapi hudondoka kwa saa, utakisia lilitoboka lini kwa kupima lundo lililo chini. Lakini nani kakuambia lundo halikuwepo tangu mwanzo? Muumini angeweza kusema kwamba Mungu aliumba jiwe likiwa tayari na risasi yake. Mwingereza Philip Gosse alikuwa ameshaandika mwaka 1857 kwamba dunia iliumbwa na alama za umri ambao haikuuishi, kama Adamu mwenye kitovu bila kuzaliwa.

Jibu lilipatikana Austria mwaka 1914 na 1915, na miongoni mwa mawe yaliyolitoa lilikuwamo la Morogoro. Otto Hönigschmid, bingwa wa kupima uzito wa atomi, na Stefanie Horovitz, mkemia mzaliwa wa Warsaw, walitoa risasi kutoka kwenye fuwele za urani za huku kwetu, wakaisafisha, wakaipima. Risasi ya kawaida, ile ya kutengenezea mabomba na risasi za bunduki, ina uzito wa atomi wa 207.2. Ya Morogoro ilikuwa 206.05. Jiwe la urani kutoka Norway likatoa 206.06. Tofauti hiyo ni ndogo kwa macho, lakini kwa mizani yao ilikuwa kubwa kupita kiasi cha kukosea. Risasi iliyomo katika jiwe la Uluguru ni ya aina ile tu inayozaliwa na urani inapooza. Lundo limetoka ndani ya gunia. Vipimo hivyo vilikuwa pia kati ya ushahidi wa kwanza ulio wazi wa kuwepo kwa isotopu, wazo ambalo Frederick Soddy alikuwa amelitoa mwaka 1913 tu. Horovitz, Myahudi, aliuawa na Wanazi huko Treblinka mwaka 1942, na jina lake likasahaulika kwa miongo mingi.

Gosse angeweza kujibu kwamba Mungu aliumba hata hiyo risasi nyepesi, na kuiweka ndani ya mawe ya urani peke yake. Sawa, lakini hapo hatubishanii jiwe tena. Tunamsingizia Mungu kupanda ushahidi wa uongo milimani, na wanateolojia wengi waliliogopa jambo hilo kuliko walivyoyaogopa mamilioni ya miaka.

Aliyezikusanya hesabu hizi zote ni Arthur Holmes wa Gateshead, mtoto wa familia ya Wamethodisti. Katika Biblia ya wazazi wake aliiona ile 4004 pembeni mwa Mwanzo, na kilichomsumbua utotoni ni ile nne ya mwisho: kwa nini isiwe 4000 kamili? Mwaka 1911 alikwenda Msumbiji kutafuta madini, akaugua malaria vibaya hadi kwao wakapelekewa habari kwamba amefariki. Miaka miwili baadaye, akiwa na miaka 23, alitoa kitabu chake juu ya umri wa dunia. Ni Holmes huyohuyo aliyekuja kuupa jina Ukanda wa Msumbiji, ule mnyororo wa mawe yaliyopikwa kwa joto kali chini ya ardhi ambao unapita Tanzania na Kenya, na ndani yake imo Uluguru.

Kwa upande wa Wakatoliki, ambao ndio wengi huko juu milimani, mambo yalikwenda kimyakimya. Agostino, mzaliwa wa Thagaste katika Algeria ya leo, alikuwa ameshaandika mapema katika karne ya 5 kwamba siku za Mwanzo haziwezi kuwa siku hizi zetu, kwa kuwa jua lenyewe linatokea siku ya nne. Juni 30, 1909 tume ya Papa ya mambo ya Biblia iliwaruhusu wasomi kujadili kama siku hizo ni za saa 24 au ni vipindi vya wakati. Mwaka 1951 Papa Pio XII, akihutubia Chuo cha Kipapa cha Sayansi, alizungumzia saa ya urani na risasi na dunia ya mabilioni ya miaka bila wasiwasi wowote. Miaka miwili baadaye Morogoro ikawa jimbo. Ile 5199 imeondolewa katika Martirolojia mpya ya mwaka 2001, na sidhani kuna paroko aliyepigiwa simu kuulizwa imekwenda wapi.

Waprotestanti walijaribu njia nyingine. Mskoti Thomas Chalmers alifundisha tangu mwaka 1814 kwamba kati ya mstari wa kwanza na wa pili wa Mwanzo kuna pengo la muda usiojulikana, na Biblia ya Scofield ya mwaka 1909 ikalieneza wazo hilo. Wengine walizifanya siku sita kuwa enzi sita. Mimi njia hizi hazinishawishi: mimea ya siku ya tatu inakaa enzi nzima ikingoja jua la siku ya nne. Kwa Waislamu wa Morogoro mzigo ni mwepesi zaidi, kwa sababu Kurani inataja siku sita bila orodha ya vizazi vya kujumlisha, tena inasema siku kwa Mungu yaweza kuwa miaka elfu, hata elfu hamsini.

Wasabato hawakukubali lolote kati ya hayo, na wana sababu. Walifika Upare mwaka 1903, na kiwanda chao cha uchapaji kiko hapa Morogoro mjini. Kwao siku sita ndizo zinazoibeba Sabato. Zikilegezwa, Jumamosi itasimama juu ya nini? Mwaka 2015 mkutano wao mkuu huko San Antonio uliongeza katika imani zao kwamba uumbaji ni wa hivi karibuni na siku zake ni siku halisi. Mwalimu wao George McCready Price alidai katika kitabu cha mwaka 1923 kwamba matabaka ya mawe na visukuku vyake ni kazi ya gharika ya Nuhu.

Ushahidi wa kumpima Price upo njiani kutoka Dar. Kidugallo, kwenye reli ya kati, kuna mawe ya chokaa ya enzi ya Jura yenye mabaki ya viumbe vya baharini, kwa hiyo mji kasoro bahari uliwahi kuwa na bahari karibu. Mtu akisikia hivyo tu, atasema gharika. Lakini litazame jiwe kwa karibu: ni punje ndogo za mviringo zilizobanana, kila moja imevikwa chokaa ganda juu ya ganda. Punje kama hizo hutengenezwa leo katika bahari za kina kifupi zenye maji ya uvuguvugu, zikibingirishwa huku na huku na mawimbi. Gharika ya mwaka mmoja haiwezi kuzivika maganda hayo.

Mwaka 1994 Sospeter Muhongo, mwanajiolojia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye baadaye alikuwa Waziri wa Nishati na Madini, alichapisha pamoja na mwenzake J.-L. Lenoir umri wa mawe ya Ukanda wa Msumbiji hapa nchini, yakiwamo ya Uluguru. Saa waliyotumia ni ileile ya urani na risasi, safari hii ndani ya fuwele za zirkoni, na majibu ya Uluguru yaliangukia kati ya miaka milioni 600 na 700. Huo ni umri wa kupikwa kwa mawe hayo. Umri wa dunia nzima, miaka bilioni 4.55, ulipatikana mwaka 1956 pale Clair Patterson alipopima risasi ya vimondo. Anayependa kulazimisha siku ziwe enzi anaweza kujifurahisha kwa kugawanya: bilioni 4.55 kwa siku saba ni miaka milioni 650 kwa kila siku, na mawe ya Uluguru yanaiva Ijumaa jua linapozama.