Mtu wa Tisini na Mbili

Mwanangu ana miaka tisa, na tangu Novemba hana neno lingine ila theluji. Hapa Nagoya theluji ni ya kubahatisha. Ikianguka usiku, kufika adhuhuri imekwisha. Lakini wenzake wengi darasani hupelekwa milimani kila majira ya baridi, na wakirudi huwa na hadithi za wiki nzima. Jioni moja, kijiko kikiwa mdomoni, aliniuliza: "Baba, ni kweli watu wa Kenya hawawezi kuteleza kwa skii?"

Nikamuuliza nani amesema hivyo.

"Hakuna," akajibu, kwa ile sauti ambayo kila mzazi anaijua: yupo aliyesema.

Jibu nilikuwa nalo tangu 1998, ila lilikuwa na aibu yangu ndani yake. Kwa hiyo badala ya kujibu nikasema tutakwenda Hakuba mwezi wa pili, tukajionee. Mke wangu akainua macho kutoka kwenye sahani yake. Naye alikuwa anasikia habari hiyo kwa mara ya kwanza.

Kupanga safari ya skii ni kazi ya mahesabu. Kuna treni, nyumba ya kulala, kukodi skii na viatu na nguo, tiketi za lifti, mwalimu wa mtoto, na katika hali yangu, mwalimu wa baba. Mke wangu alitaka twende mwishoni mwa Januari, watu wakiwa wachache. Mimi nilishikilia mapumziko ya sikukuu ya tarehe 11 Februari, kipindi ambacho bei hupanda na vyumba hujaa. Akataka sababu. Nikasema nitamweleza. Akaandika tarehe kwenye kalenda ya jikoni, kwa kalamu ya risasi.

Tulipompigia simu mama mkwe wangu kumpa habari, alicheka kidogo, kisha akauliza kwa nini mtu alipe pesa kwenda kwenye theluji. Yeye amezaliwa Takada, mji ulio upande wa Bahari ya Japani, ambao siku hizi ni sehemu ya jiji la Joetsu. Nilikuwa nimekwisha soma kuhusu theluji ya huko, lakini kuisoma ni kitu kimoja na kumsikia yeye akiihesabu ni kingine. Upepo wa baridi hutoka Siberia, ukapita juu ya bahari ambayo maji yake yana joto kwa sababu ya mkondo unaotoka kusini, ukabeba mvuke mwingi, ukagonga milima na kuutua mzigo wote hapohapo. Upande wetu wa Nagoya hufikiwa na upepo mkavu na anga ya buluu. (Ni ubaridi huohuo wa bara la Asia unaosukuma kaskazi, pepo zilizoleta majahazi Mombasa na Lamu miezi hiyohiyo. Nilifundishwa kaskazi shuleni Eldoret, na hakuna aliyenidokeza kwamba ina ndugu yake huku.)

Mwaka 1945, mwezi wa Februari, theluji ilipimwa Takada ikiwa na kina cha sentimita 377. Wazazi wa mama mkwe walikuwa wakitokea dirisha la ghorofa ya juu. Maduka ya mji ule bado yana vibaraza vyenye paa vinavyoitwa gangi, vilivyounganishwa nyumba kwa nyumba, ili barabara ikifukiwa watu waendelee kupita chini yake. Na theluji ya paani lazima ishushwe kwa koleo, la sivyo nyumba inalia, kisha inabonyea. Kila mwaka wapo wanaoanguka kutoka paani wakiifanya kazi hiyo. "Sisi hatukucheza nayo," mama mkwe alisema. "Tuliihamisha."

Usemi wake ulinirudisha kwenye kitabu nilichokinunua zamani na kukiacha rafuni: Hokuetsu Seppu, cha Suzuki Bokushi, mfanyabiashara wa vitambaa kutoka Shiozawa, kilichoanza kutoka mwaka 1837. Bokushi alihangaika miaka mingi sana kutafuta mchapishaji. Alitaka watu wa Edo, ambao theluji kwao ilikuwa pambo la kutazamwa na kinywaji mkononi, wajue jinsi watu wa Echigo wanavyoishi chini yake: maporomoko, watu waliopotea njia hatua chache kutoka mlangoni, vitambaa vinavyotandazwa juu ya theluji ili vipauke. Amechora aina za viatu vya kamba na miti vya kutembelea juu ya theluji. Skii hazimo. Watu waliojua theluji kuliko karibu binadamu yeyote duniani walikuwa hawajui skii.

Hili lilinishangaza kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa nimekichukulia kitu hiki kuwa chao tangu kale, kama sumo.

Zilikuja kupitia jeshi. Januari 1902, wanajeshi 210 wa kikosi cha Aomori waliingia kwenye milima ya Hakkoda kwa mazoezi, wakijiandaa kwa vita na Urusi vilivyokuwa vikinukia. Walipotea katika dhoruba. Tarehe 25 ya mwezi huo, huko Asahikawa kaskazini zaidi, kipimajoto kilishuka hadi nyuzi 41 chini ya sifuri, rekodi ya baridi ya Japani ambayo haijavunjwa. Waokoaji walimkuta koplo mmoja, Goto Fusanosuke, amesimama amezikwa kwenye theluji, yu hai kwa shida. Kati ya wale 210, walikufa 199. Nilisoma habari hizo usiku, na asubuhi nikafungua tena orodha yetu ya vifaa nikaongeza soksi.

Miaka tisa baadaye alifika Takada ofisa wa jeshi la Austria na Hungaria, Theodor von Lerch. Alikuwa ametumwa kulichunguza jeshi lililoishinda Urusi, lakini wenyeji wake walitaka kujua zaidi kuhusu zile mbao ndefu alizokuwa nazo. Tarehe 12 Januari 1911 alianza kuwafundisha maofisa wa Kijapani, na mlima mdogo wa Kanaya ukawa darasa lao. Alitumia fimbo moja ndefu, si mbili kama za leo, na sanamu yake iliyopo mlimani pale ameishika hiyohiyo moja. Kamanda wa divisheni, Nagaoka Gaishi, hakutaka jambo hilo libaki kambini. Aliwahimiza raia nao wajifunze, na muda si muda walimu na watu wa posta walikuwa wakianguka mteremkoni pamoja na wanajeshi.

Nawaona kabisa. Wanaume wazima, wengine wenye nishani za vita, wamezaliwa ndani ya theluji, na wanaangukia makalio mbele ya mgeni.

Nilimsimulia mama mkwe. Akasema baba yake alijifunza skii shuleni na mama yake hakuwahi kuzivaa maisha yake yote, alikuwa na kazi ya kufanya.

Yaliyofuata nayapita haraka, maana yameandikwa sana. Baada ya vita kuu ya pili lifti zilifika milimani. Wakulima wa kijiji cha Hosono, chini ya mlima wa Happo, walikuwa miongoni mwa wa kwanza nchini kugeuza nyumba zao kuwa minshuku, nyumba za kupokea wageni. Kijiji cha Hakuba chenyewe kilipata jina hilo mwaka 1956 vijiji viwili vilipounganishwa. Katika miaka ya pesa nyingi, ile ya 1980, kila kijana wa Tokyo alitaka kwenda, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 walioteleza walikadiriwa kufikia milioni 18 hivi kwa mwaka. Kisha uchumi ukayumba, vijana wakapungua, lifti nyingi zikasimama na kushika kutu. Hakuba imepona kwa sehemu kubwa kutokana na wageni, hasa Waaustralia. Nilipopiga simu kwenye minshuku moja kwa Kijapani changu cha heshima, mwenye nyumba alinijibu kwa Kiingereza cha Sydney.

Sasa ile tarehe.

Tarehe 12 Februari 1998, katika uwanja wa Snow Harp hapo Hakuba, yalifanyika mashindano ya kilomita 10 ya skii za nyika katika Olimpiki ya Nagano. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na ushei, dhahabu yake ya sita. Wa mwisho kati ya waliomaliza, wa 92, alikuwa Philip Boit wa Kenya, kwa dakika 47 na ushei. Boit alikuwa mkimbiaji wa mita 800, mpwa wa Mike Boit aliyepata shaba Munich mwaka 1972. Kampuni ya Nike ilimpeleka Finland mwaka 1996 pamoja na Henry Bitok, na hapo ndipo alipoigusa theluji kwa mara ya kwanza. Miaka miwili tu. Siku hiyo theluji ilikuwa nzito, imejaa maji, naye alianguka mara kadhaa. Sherehe ya washindi ilikuwa ianze, lakini Dæhlie hakuondoka kwenye mstari. Alimngoja hadi alipofika, akamkumbatia.

Sisi tuliiona jioni kwenye habari, Eldoret, nyumbani kwa jirani mwenye televisheni. Nilikuwa kidato cha pili. Tulicheka mpaka machozi yakatutoka. Mmoja wetu alisimama akaigiza mtu anayeteleza kwenye sakafu ya saruji, na aliyesimama ni mimi. Mtu wa kwetu, jina la kwetu, na sisi ndio tuliokuwa tunasema kwamba theluji si mahali pake. Mwenye nyumba, mzee mmoja mpole, alisema tu: "Amefika, lakini." Tukamcheka na yeye.

Boit alirudi kwenye Olimpiki mwaka 2002 na 2006. Mmoja wa wanawe amempa jina Dæhlie.

Haya yote nilimweleza mwanangu Jumapili iliyopita, pamoja na ile ya sakafu. Alisikiliza bila kuniangalia, akichora kwenye karatasi ya hesabu. Nilingoja aniulize kwa nini nilicheka. Aliuliza: "Dæhlie alingoja dakika ishirini na jasho? Hakupata mafua?"

Mke wangu alichukua kalamu ya wino akaipitisha juu ya ile tarehe.

Njia imebadilika. Tutachukua treni ya Shinano hadi mji wa Nagano, tuendelee kaskazini hadi Takada tukalale kwa mama mkwe, tupande mlima wa Kanaya kumwona Lerch na fimbo yake. Kesho yake tutashuka pwani hadi Itoigawa, na kutoka hapo kile kitreni cha Oito kitatupandisha bondeni, tukibadilisha Minami-Otari, hadi Hakuba. Mwenye minshuku ameshauri mtoto aanzie Tsugaike, katika kijiji jirani, ambako mteremko ni mpana na mpole. Baba pia, ameongeza.

Kimebaki kitu kimoja. Fomu ya kukodi viatu inaishia sentimita 30, na mguu wangu ni 31. Nilipiga simu dukani. Kijana akaenda kutazama stoo, nikasikia masanduku yakivutwa kwa muda mrefu, kisha akarudi akihema kidogo. Ipo jozi moja, alisema, lakini ni ya zamani.

Nikamwambia aniwekee.